Watakatifu wa ubao na wino: tunayoyaamini kimakosa

Kuhusu picha za watakatifu zilizochapwa Ulaya katika karne ya 15, kwa ubao uliochongwa na kupakwa wino, husemwa mengi yasiyo kweli.

"Ulaya ilianza kuchapa picha baada ya Gutenberg." Hapana. Biblia ya Gutenberg, Mjerumani aliyeanzisha Ulaya uchapaji wa vitabu kwa herufi za chuma, ilikamilika mjini Mainz mnamo 1455. Katika maktaba ya John Rylands, mjini Manchester, ipo karatasi ya Mtakatifu Kristofa ambayo mwaka wake, 1423, umechongwa kwenye ubao pamoja na picha.

"Ni kazi za watu wasiojua kuchora." Hili linaniuma, maana husemwa na wasiojua ubao unavyochongwa. Fundi hachongi mstari tunaouona. Huondoa mbao pande zote mbili za mstari, akauacha umeinuka, na wino hushika pale palipoinuka tu, kama muhuri wa ofisini. Maandishi huyachonga kinyumenyume. Kisu kikiteleza, mstari umekatika. Ndiyo sababu mistari ni michache na minene. Sasa mtazame Kristofa: anavuka mto, Mtoto Yesu begani, mkongojo wake ni mti mzima wenye majani. Ng'ambo mtawa anamwangazia kwa taa, sungura anachungulia shimoni, na upande wa pili yupo mtu na punda wake kwenye kinu cha maji. Yote hayo yameenea kwenye karatasi isiyofika sentimita 30 kwa urefu!

Rangi hazikutoka kwenye ubao. Zilipakwa kwa mkono, baada ya wino mweusi kukauka.

"Yalikuwa mapambo tu." Chini ya Kristofa kuna mistari miwili ya Kilatini inayosema kwamba siku yoyote utakayoutazama uso wake, siku hiyo hutakufa kifo kibaya. Kifo kibaya kwa Mkristo wa zama zile ni kile cha ghafla, kinachomkuta mtu hajaungama wala kupokea komunyo. Aliyekuwa na picha hiyo alikuwa na sababu ya kuitazama kila kunapokucha.

"Zimebaki chache kwa kuwa zilichapwa chache." Ubao mmoja ulitoa mamia ya nakala, za bei ambayo hata asiye na mali aliimudu. Watu walizibandika milangoni, ukutani na kwenye masanduku, zikafifia na kuchanika kwa kutumiwa. Zilizosalimika ni hasa zile zilizobandikwa vitabuni. Kristofa huyu alikutwa amegandishwa ndani ya jalada la kitabu cha monasteri ya Buxheim, kusini mwa Ujerumani.

Ipo iliyosalimika kwa njia nyingine. Katika mji wa Forlì, Italia, ukuta wa shule moja ulikuwa na karatasi ya Bikira Maria na Mwanawe, wamezungukwa na watakatifu. Mwaka 1428 shule ikateketea, karatasi isiungue. Waumini wakaipeleka kanisa kuu, ambako ipo mpaka leo, na kila tarehe 4 Februari mji mzima huadhimisha sikukuu ya Mama Yetu wa Moto.