Seva ya asinkroni: ya kijiweni na ya kweli

Hapa Tanga sisi watengeneza mifumo tunajuana karibu sote, na tukikaa kijiweni kila mmoja ana lake kuhusu seva za asinkroni, yaani programu zinazohudumia maombi mengi kwa zamu bila kukaa zikisubiri moja liishe. Mengine ni kweli. Haya siyo.

"Asinkroni ni kasi."
Nenda Ngamiani asubuhi, usimame kwa mama wa chapati. Yuko peke yake. Moja iko kwenye chuma, yeye anamimina chai, anarudisha chenji, kisha anaigeuza. Chapati yenyewe haijaiva mapema hata kidogo, ila hakukaa akiitazama. Seva nayo ni hivyohivyo: ombi moja likisubiri jibu la kanzidata, kitanzi cha matukio, yaani sehemu ya seva inayogawa zamu, kinahudumia jingine. Lakini mteja mmoja akitaka akandiwe unga papo hapo, foleni nzima inasimama. Ukiweka hesabu nzito ndani ya kitanzi, au maktaba ya kanzidata isiyojua kupisha, sekunde 2 za mmoja ni sekunde 2 za wote. Kazi ya namna hiyo ipelekwe kwenye mchakato wa pembeni, yaani programu nyingine inayokimbia kivyake.

"Mashine ina viini 8, imekwisha hiyo."
Kitanzi kimoja cha seva iliyoandikwa kwa lugha ya Python hutumia kiini kimoja cha prosesa. Uvicorn, seva ya programu za Python, usipoiambia kitu huwasha mchakato mmoja tu. Kuongeza ni kazi yako. Na usiongeze ovyo: michakato 8, kila mmoja na miunganisho 20 ya kanzidata, ni 160, wakati kanzidata ya PostgreSQL ambayo haijaguswa mipangilio hukubali 100.

"Kwangu inafunguka, basi iko hewani."
Anwani 127.0.0.1 ni mashine kuongea na nafsi yake. Ndani ya kontena, yaani kisanduku kinachoitenga programu na mashine, weka 0.0.0.0, ili seva ipokee na wa nje.

"Kuzima ni kuzima."
Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa nasimamia mfumo wa oda wa duka moja la samli, na kila nikileta toleo jipya nilipiga kill -9, amri inayoipelekea programu ishara ya kuua, SIGKILL. Siku moja mteja akakatwa pesa, oda haionekani. Mwenye duka akanipigia: "Fundi, hela ya watu imeenda wapi?" Oda ilikuwa imekatikia katikati. SIGKILL programu haiisikii kabisa, inakatwa tu. SIGTERM, ishara ya kuomba programu izime, inasikika: seva iliyopangwa vizuri hukataa wageni wapya, humaliza maombi yaliyo mkononi, hufunga miunganisho, ndipo hutoka. Subira hiyo ina mpaka. Kati ya zana zinazowasha na kuzima seva, Docker (ya kontena) kwa kawaida hungoja sekunde 10, Kubernetes (ya kontena nyingi) 30, systemd (ya Linux yenyewe) 90, halafu SIGKILL inafuata. Ombi lako refu kuliko yote lazima litoshee humo.

Nikahamia Docker nikidhani yamekwisha. Kila nikizima, sekunde 10 kamili, kisha kimya. Kwenye kumbukumbu za seva hata mstari mmoja wa kuaga haupo. Kumbe seva niliiwasha kwa hati ya sh, yaani faili la amri linaloendeshwa na programu iitwayo sh, na sh ndiyo iliyokuwa ikipokea SIGTERM bila kuipitisha. Dawa ilikuwa neno moja, exec, mbele ya amri ya mwisho ya hati, ili seva ichukue nafasi ya sh yenyewe. Sasa inazimika chini ya sekunde 1, na inaaga.

Yule mteja nilimrudishia hela kutoka mfukoni mwangu. Mwenye duka nilimwambia mtandao ulisumbua.