Injini ya XL si dhaifu, ni pana

Mgeni akiingia kwenye BattleTech na kuuliza aweke injini gani kwenye meki yake, hakosi mtu wa kumjibu: "Usiweke XL, ni dhaifu." Mwingine naye ataongeza: "Weka XL uende kasi." Majibu haya yamezoeleka mno, na yote mawili yanampotosha.

Maana yenyewe ni fupi. BattleTech ni mchezo wa mezani uliotolewa na kampuni ya FASA ya Chicago mwaka 1984, wakati huo ukiitwa BattleDroids, na unahusu vita vya maroboti ya tani 20 hadi 100 yanayoendeshwa na rubani aliye ndani. Roboti hizo ndizo meki, na nyingi huendeshwa na injini ya muunganiko wa nyuklia. Injini ya kawaida ni nzito na hukaa kifuani peke yake. Ya XL ina nusu ya uzito huo, ila haitoshi kifuani. Inaingia hadi kwenye mbavu zote mbili. Basi. Shida ni yale ambayo watu wanayaongeza.

Nianze na la kasi, maana linaisha haraka. Kasi ya meki inatokana na namba ya injini: unachukua uzito wa meki kwa tani, unazidisha kwa heksi (vile visanduku vya pembe sita vya ramani ya mchezo) inazotembea kwa zamu moja. Meki iitwayo Atlas ina tani 100 na inatembea heksi 3, kwa hiyo inahitaji injini ya 300. Ya kawaida ya namba hiyo ina tani 19, ya XL ina tani 9.5, na zote mbili zitaitembeza Atlas heksi zilezile 3. Ulichopata kwa XL ni tani 9.5 za kubebea silaha au vipoza joto, na umezilipia: injini imepanda kutoka C-bill (pesa za mchezo huu) milioni 2 hadi milioni 8. Ukitaka heksi ya nne unahitaji injini ya 400. Ya kawaida ina tani 52.5, zaidi ya nusu ya meki nzima, wakati ya XL ina 26.5. Kinachokimbiza meki hapo ni ile namba 400. XL imekusaidia tu uweze kuibeba.

Sasa udhaifu, na hapa ndipo napoteza uvumilivu. Injini yoyote ya meki hufa ikipigwa mara tatu. Pigo la kwanza linakuongezea joto 5 kila zamu, la pili linafikisha 10, la tatu linaizima. Hesabu hii haibadiliki kwa injini ya kawaida wala ya XL. Kila sehemu ya meki ina idadi maalumu ya nafasi za kuwekea vifaa. Kifuani kuna nafasi 12, na injini zote mbili huchukua 6 kati ya hizo. Adui akishakutoboa kifua, bahati yake ya kuipata injini ni ileile. Hakuna kanuni inayosema XL inavunjika upesi kuliko nyingine.

Tofauti iko mbavuni. XL ya Inner Sphere, mmoja wa pande zinazopigana katika hadithi ya mchezo, inachukua nafasi 3 katika kila ubavu. Ubavu ukiharibiwa wote, vyote vilivyomo vinaharibika nao, pamoja na zile nafasi 3 za injini. Hayo tayari ni mapigo matatu, na meki imekufa hata kama kifua hakijaguswa. Chukua toleo la Atlas liitwalo AS7-D: kifua kina pointi 47 za deraya (ngao ya nje) kwa mbele na 31 za mifupa (kiunzi cha ndani), jumla 78. Ubavu una deraya 32 na mifupa 21, jumla 53. Mahali pigo linapotua huamuliwa na jumla ya dadu mbili. Kwa shambulio la mbele, kifua kinapigwa kwa 7 na kwa 2, yaani njia 7 kati ya 36. Mbavu zinapigwa kwa 6 na kwa 8, jumla njia 10. Adui akikuvizia kutoka kushoto, ile 7 yenyewe inahamia ubavu wa kushoto. Kwa hiyo mwenye XL amempa adui shabaha mbili zaidi za kumuulia, tena nyembamba deraya kuliko kifua, na kwa pamoja zinapigwa mara nyingi zaidi.

Hilo ni suala la mahali injini ilipokaa. Mwenye kubisha aangalie injini ya XL ya Clan, mahasimu wa Inner Sphere. Ina nusu ya uzito, sawasawa na ya Inner Sphere, lakini inachukua nafasi 2 tu kila ubavu. Ukipoteza ubavu mmoja umepata mapigo mawili: unaungua na joto 10 kila zamu, ila bado unapigana. Kisha aangalie ile ya Inner Sphere inayoitwa Light, yenye robo tatu ya uzito, tani 14.5 kwa namba 300. Nayo inachukua nafasi 2 kila ubavu. Ni nzito kuliko ya Clan kwa tani 5 na uhai wao ni mmoja. Kama wepesi ndio ungekuwa udhaifu, ya Clan isingeweza kulingana nayo.

Chanzo cha upana huo ni kinga. Kiini cha injini ya kawaida kimezungukwa na kinga nzito iliyoshikana. Kwenye XL imewekwa kinga ya kitu chepesi, na kitu chepesi kinahitaji ujazo mkubwa ili kifanye kazi ileile, kama godoro la sponji linavyojaza bajaji wakati mfuko wa saruji umejibanza kwenye kona na bado ndio mzito.

Ukishaona kuwa ni nafasi, mambo mengine yanafunguka. Mzinga wa AC/20 unachukua nafasi 10. Ubavu una 12, XL imeshakula 3, zimebaki 9, kwa hiyo mzinga huo hauingii humo mzima. AS7-D imejaza ubavu wa kulia kwa AC/20 na nafasi 2 za risasi zake, hakuna pa kupenyeza kitu. AS7-K, toleo jingine la Atlas lenye XL, imebeba bunduki ya Gauss: nafasi 7, risasi 2, injini 3, jumla 12 kamili. Ndivyo pia kwa CASE, ile kinga inayozuia mlipuko wa risasi usivuke ubavu. Kwenye injini ya kawaida inakuokoa. Kwenye XL ya Inner Sphere ubavu unakwenda na injini inakwenda nao, hata mlipuko usipofika kifuani.

Katika MechWarrior Online, mchezo wa kompyuta wa Piranha Games kuhusu meki hizihizi, iliyoanza rasmi mwaka 2013, hofu ya XL ina msingi zaidi, kwa sababu hakuna dadu: adui analenga ubavu anaoutaka. Hapo hata umbo la meki lina neno lake. Yenye mbavu pana inajuta, yenye mbavu finyu inaponea.

Kwa hiyo mgeni akiuliza, naomba tumwambie kwamba XL inafika mbavuni, kisha tumuulize meki yake ni ipi. Mwenye Atlas anayetaka kusimama mstari wa mbele na kunyonya mapigo ana sababu ya kubaki na tani 19 zake: ubavu wa kulia ukienda na AC/20, bado ana makombora ya kushoto na leza ya mkono wa kushoto. Mwenye Jenner ya tani 35 yuko kwingine. Injini yake ya 245 ina tani 12, theluthi ya meki. Leza zake ziko mikononi, na ubavu ukikatika mkono unaanguka nao, kwa hiyo hata kwa injini ya kawaida ameshapoteza nusu ya leza zake. Huyo tani 6 atakazookoa kwa XL zitamfaa.