"Una haki ya kukaa kimya": tunayodhani tunayajua kuhusu kesi na nyaraka za Marekani

Haki za Miranda nilizisikia mara ya kwanza nikiwa nimebanwa kwenye benchi la kibanda umiza. Askari wa kwenye filamu kamlaza mtu kifudifudi juu ya boneti ya gari, anamfunga pingu huku anamwimbia: una haki ya kukaa kimya, lolote utakalosema laweza kutumika dhidi yako mahakamani. Jamaa aliyekuwa akitutafsiria kwa maiki naye akaongeza la kwake: "Asiposema hayo, mshikaji anaachiwa hapo hapo!" Tukamwamini. Miaka imepita, na imani ile ile bado naikuta kwenye makundi ya WhatsApp, tena siku hizi inaletwa na watu wenye digrii.

Nimeziokota hapa dhana sita za namna hiyo, zote kuhusu kesi na nyaraka kubwa za Marekani za karne iliyopita. Kilichonivutia ni kwamba ukweli wenyewe mara nyingi ni mtamu kuliko uzushi.

Dhana: Polisi asipokusomea haki zako, kesi imekufa

Onyo lile linadaiwa pale mambo mawili yanapokutana: mtu yumo mikononi mwa polisi, na polisi wanamhoji. Wakikukamata wasikuulize kitu, hawalazimiki kukusomea chochote. Wakikuhoji bila kukusomea, kinachotupwa ni maelezo uliyoyatoa. Shahidi aliyekuona bado yupo, alama za vidole bado zipo, na kesi inaendelea.

Ernesto Miranda mwenyewe ndiye mfano mzuri kuliko wote. Alikamatwa Phoenix, Arizona, Machi 1963, kwa tuhuma za kuteka na kubaka, na baada ya kuhojiwa kwa saa mbili hivi akatia saini maelezo ya kukiri. Tarehe 13 Juni 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba maelezo yale hayawezi kutumika kwa sababu hakuelezwa haki zake. Wengi hadithi wanaikomesha hapo. Lakini mwaka 1967 alishtakiwa upya bila ile karatasi, na mwanamke aliyewahi kuishi naye akapanda kizimbani kusema kwamba Miranda alimkiria yeye. Akarudishiwa kifungo kile kile, miaka 20 hadi 30. Alitoka kwa parole, yaani aliachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, mwishoni mwa 1972, akawa anauza vikadi vya onyo la polisi vyenye saini yake kwa dola moja na nusu. Januari 1976 alichomwa kisu katika ugomvi wa baa huko huko Phoenix, akafa. Mtu aliyeshikwa kuhusiana na kifo chake alisomewa haki za Miranda.

Msomaji wa Kenya, kwa taarifa yake, analo la karibu zaidi. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inataka anayekamatwa aelezwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa na haki yake ya kunyamaza. Haingoji mpaka aanze kuhojiwa.

Dhana: Gideon, mfungwa maskini, aliijua sheria kuliko jaji

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu Gideon alikosea.

Mwaka 1961 Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa pool huko Panama City, Florida, na kuiba sarafu za kwenye mashine pamoja na vinywaji. Hana hela ya wakili, akaiomba mahakama impe mmoja. Jaji akamjibu kwa upole kwamba sheria ya Florida inampa wakili wa serikali mshtakiwa wa kosa la adhabu ya kifo tu. Gideon akang'ang'ana: Mahakama ya Juu ya Marekani inasema nina haki ya kuwa na wakili.

Haikuwa imesema hivyo. Mwaka 1942, katika kesi ya Betts dhidi ya Brady, ilikuwa imesema karibu kinyume chake, kwamba majimbo hayalazimiki kumpa maskini wakili isipokuwa kwenye mazingira ya pekee. Kwa hiyo jaji aliyemkatalia alikuwa ndani ya sheria. Gideon akajitetea mwenyewe, akashindwa, akapigwa miaka mitano.

Jela akachukua penseli na karatasi za gereza, zile zilizochapwa kwa juu masharti ya barua za wafungwa, akaiandikia Mahakama ya Juu ombi lake kwa mkono na makosa yake ya tahajia. Ukiitazama picha ya karatasi ile unaona masharti ya gereza yako juu na Katiba iko chini. Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 wakampa haki. Kauli aliyoitoa mbele ya jaji wa Florida haikuwa kweli siku alipoitamka, ikawa kweli kabla miaka miwili haijatimia.

Wala hakuachiwa siku hiyo. Hukumu ilimrudisha kwenye kesi mpya, mahakama ile ile, jaji yule yule. Agosti 1963, safari hii akiwa na wakili aliyejua kumbana shahidi mkuu wa mashtaka, jopo la raia lilikaa kama saa moja likatoka na jibu: hana hatia.

Dhana: Amri ya Rais namba 9066 iliwataja Wajapani, nao walikuwa wageni

Franklin Roosevelt aliitia saini tarehe 19 Februari 1942, wiki kumi baada ya Japani kuishambulia bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Isome kuanzia juu mpaka saini, neno "Wajapani" hulioni. Inachosema ni kwamba makamanda wa jeshi wanaweza kuweka maeneo ya kijeshi ambamo "mtu yeyote au watu wote" wanaweza kuondolewa. Maneno ni meupe kabisa. Jina la watu wenyewe lilikuja baadaye, kwenye matangazo ya jeshi yaliyobandikwa kwenye nguzo na kuta za Pwani ya Magharibi: watu wote wenye asili ya Kijapani. Anayesoma amri bila kusoma tangazo la kwenye nguzo anaona utaratibu wa kawaida wa vita.

Waliosombwa walikuwa kama 120,000, na takriban theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani, wamezaliwa pale pale. Waliruhusiwa kwenda na kile tu wanachoweza kukibeba. Baadhi yao walilala kwanza kwenye mabanda ya farasi, katika viwanja vya mbio vya Santa Anita na Tanforan, kabla ya kupelekwa kwenye kambi za kuwazuilia.

Kuna wanaosema hadi leo kwamba vita havikuacha njia nyingine. Hawa ningependa wanieleze habari ya Hawaii. Bomu liliangukia kule. Wenye asili ya Kijapani kule walikuwa zaidi ya 150,000, zaidi ya theluthi moja ya wakazi, na hawakusombwa. Ni wachache tu waliozuiliwa. Uchumi wa visiwa ungesimama bila wao, na ghafla ile hatari isiyovumilika ikavumilika.

Fred Korematsu, fundi wa kuchomelea vyuma, mzaliwa wa Oakland, alikataa kuondoka. Alitiwa hatiani, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu iliithibitisha hatia hiyo kwa kura 6 dhidi ya 3. Watu husema hukumu hiyo ilifutwa mwaka 1983. Nusu kweli. Kilichofutwa na mahakama ya chini ni hatia yake binafsi, baada ya kugundulika kwamba serikali iliwaficha majaji taarifa zake yenyewe zilizopinga madai ya hatari. Hukumu ya Mahakama ya Juu ilibaki vitabuni mpaka 2018, pale mahakama hiyo iliposema, ndani ya kesi nyingine kabisa, kwamba ilikuwa makosa tangu siku ilipotolewa. Korematsu alishafariki mwaka 2005.

Dhana: Sheria inakataza kupiga kelele za "moto!" ndani ya ukumbi uliojaa watu

Kila mjadala wa uhuru wa kusema una mtu wa kuileta hii, na huileta kama anayefunga mjadala. Jaji Oliver Wendell Holmes aliitoa mwaka 1919 kama mfano tu, na alisema kupiga kelele za moto kwa uongo. Hilo la uongo ndilo wengi hulidondosha njiani, na la ukumbi kujaa ni chumvi yetu. Kesi yenyewe haikuhusu ukumbi wala moto. Charles Schenck, msoshalisti wa Philadelphia, alikuwa amehukumiwa kifungo kwa kusambaza vipeperushi vya kupinga watu kulazimishwa jeshini. Anayeutumia mfano huo, ajue ulibuniwa kuhalalisha kumfunga mtu kwa karatasi. Na tangu 1969, katika kesi ya Brandenburg dhidi ya Ohio, kipimo cha Holmes, kile cha "hatari ya wazi na ya sasa", kimewekwa kando. Sasa serikali lazima ionyeshe kwamba maneno yanachochea uvunjaji wa sheria wa papo hapo, na kwamba yanaelekea kuuleta.

Dhana: Kesi ya Rosa Parks ndiyo iliyofuta ubaguzi kwenye mabasi ya Montgomery

Kesi ya Parks, mwanamke mweusi aliyegoma kumpisha mzungu kiti cha basi mwaka 1955, ilikwama kwenye mahakama za Alabama. Iliyoshinda inaitwa Browder dhidi ya Gayle, na yeye hayumo kati ya walalamikaji. Wamo wanawake wanne: Aurelia Browder, Susie McDonald, Mary Louise Smith na Claudette Colvin. Colvin alikamatwa akiwa na miaka 15, miezi tisa kabla ya Parks, kwa kosa lile lile la kugoma kunyanyuka kwenye kiti. Mahakama ya Juu iliwapa ushindi Novemba 1956.

Dhana: Brown ilikuwa kesi ya msichana mmoja, na ilimaliza ubaguzi wa shule mwaka 1954

Linda Brown wa Topeka, Kansas, alikuwepo kweli, na baba yake Oliver, naye fundi wa kuchomelea, aliongoza orodha ya wazazi 13. Lakini "Brown" ni jina la juu ya furushi. Ndani mlikuwa na kesi za Kansas, South Carolina, Virginia na Delaware, na ya tano ya Washington, mji mkuu, ikaamuliwa siku hiyo hiyo. Topeka kwenyewe majengo ya shule za watoto weusi yalikuwa yanalingana na ya wazungu. Hilo liliwafaa mawakili: hapakuwa na paa bovu la kujificha nyuma yake, ikabidi majaji wajibu kama kutenganisha watoto kwenyewe ni haki.

Paa bovu lilikuwa Farmville, Virginia. Shule ya sekondari ya Moton ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 450 kwenye jengo la watu 180. Waliozidi walisomea vibanda vilivyoezekwa karatasi ya lami. Tarehe 23 Aprili 1951 mkuu wa shule alipigiwa simu kwamba kuna wanafunzi wake wana matatizo mjini, akatoka mbio. Simu ilikuwa danganya toto. Huku nyuma vikaratasi vikapita madarasani, kana kwamba vimetoka kwake, vikiita watu wote ukumbini. Pazia lilipofunguka, jukwaani alikuwa amesimama Barbara Johns, miaka 16, akawaomba walimu watoke, kisha akatangaza mgomo. Walichokuwa wanakitaka ni shule mpya. Mawakili ndio waliowaambia kwamba wangeichukua kesi iwapo tu watadai kufutwa kwa utengano wenyewe.

Hukumu ilitoka tarehe 17 Mei 1954, majaji wote 9 wakikubaliana, ikisema utengano katika shule za umma ni kinyume cha Katiba. Haikusema lini ukome. Mwaka mmoja baadaye mahakama ikaagiza utekelezaji uende kwa kasi yote, lakini kasi ya kutafakari. Majimbo ya Kusini yakasikia pole pole ndio mwendo, yakaanza kupiga danadana. Mwaka 1956 wabunge na maseneta 101 walitia saini tamko la kuipinga hukumu. Mwaka 1957 ilibidi jeshi liwasindikize wanafunzi weusi 9 kuingia shule Little Rock, Arkansas. Na kaunti ya akina Barbara Johns, Prince Edward, ilipobanwa ichanganye watoto mwaka 1959, ikaamua kufunga shule zake zote za umma. Watoto wa kizungu wakaanzishiwa shule binafsi. Weusi wakabaki nyumbani, au wakapelekwa kwa ndugu wa mbali.

Hapa pana kipande chetu. Wakili mkuu wa furushi la Brown, Thurgood Marshall, alialikwa na Tom Mboya mwaka 1960 kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa Lancaster House, London, wa kujadili Katiba ya Kenya. Kenya kuna wanaosema Marshall ndiye aliyeiandika Katiba ya uhuru. Hapana. Aliandaa rasimu ya sura ya haki za binadamu, na sura iliyoingia kwenye Katiba ya 1963 ilifuata zaidi mfano wa Nigeria, wenye asili ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Lakini ukisoma rasimu ile unakuta kitu cha kukufanya utulie kidogo. Marshall, mjukuu wa mtumwa, alitumia nguvu nyingi kulinda mali za wachache, na wachache wa Kenya walikuwa Wahindi na masetla wa kizungu.

Wakati anaiandika, shule za Prince Edward zilikuwa zimefungwa kwa makufuli. Mwaka 1963 ilifunguliwa shule ya muda kwa michango. Za umma zilifunguliwa mwaka 1964, baada ya amri nyingine ya Mahakama ya Juu, miaka kumi tangu hukumu ya Brown. Mtoto aliyepaswa kuanza darasa la kwanza zilipofungwa alikuwa na miaka kama 11.