Je, wajua E330 kwenye kopo la jamu ni kitu gani?

Mi niliwahi kutupa kopo la jamu ya nanasi ambalo hata nusu halijafika, kisa meseji ya kwenye grupu la familia inasema chochote chenye E330 kinaleta kansa, nikageuza kopo nikaikuta kweli, imekaa mwisho kabisa wa orodha ya viambato. Likaenda kwenye pipa. Halafu nikakamua ndimu mbili nikanywa, eti nijisafishe.

Sasa E330 ni asidi ya sitriki, yaani ndiyo inayoifanya ndimu iwe kali. Maji ya limau yana kama gramu 5 za hiyo asidi kwa kila gramu 100, kwa hiyo kwenye ile glasi pengine nilimeza E330 nyingi kuliko iliyokuwemo kwenye kopo zima. Ya viwandani siku hizi haikamuliwi kwenye malimau, kuna kuvu weusi wanaitwa Aspergillus niger wanalishwa sukari nao wanaitoa, biashara iliyoanza Marekani mwaka 1919, ila asidi ni ile ile.

Uvumi wenyewe ni mkongwe kuliko simu zetu. Mwaka 1976 huko Ufaransa ilizagaa karatasi ya taipu, watu wanaitoa kopi wanapeana mkono kwa mkono, ikidai imetoka hospitali ya saratani ya Villejuif karibu na Paris. Hospitali ikaruka, haijawahi kuiandika. Kwenye karatasi hiyo E330 ndiyo ilitajwa kuwa hatari kuliko zote! Kwa nini maskini ya Mungu asidi ya ndimu? Maelezo yanayopendwa ni haya: mwanasayansi Hans Krebs, mzaliwa wa Ujerumani aliyekimbilia Uingereza, alieleza mwaka 1937 jinsi seli zinavyopata nguvu kutoka kwenye chakula kwa mzunguko ambao asidi ya sitriki imo ndani yake, akapata Nobel 1953, na mzunguko ukabaki na jina lake. Na "krebs" kwa Kijerumani ni kaa, yule mdudu wa baharini, tena ni kansa pia (Waarabu nao wana saratani kwa maana zote mbili). Kwa hiyo inadhaniwa mtu alikuta asidi ya sitriki na Krebs kwenye sentensi moja akamaliza kesi. Ni dhana tu, mwandishi wa ile karatasi hajulikani, lakini mi naipenda.

Hiyo E yenyewe ni ya Ulaya, na namba ni kama pleti ya gari: inakwambia limesajiliwa, haikwambii kama ni ambulansi au lori la mchanga. E300 ni vitamini C. E160a ni karotini, rangi ya karoti. Na kama magari, kuna yanayotolewa barabarani, mfano E171, rangi nyeupe ya titani, Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022. E102, ile njano ya pipi na juisi za unga, bado inaruhusiwa kule ila lazima iwe na onyo kuhusu utulivu wa watoto, ingawa utafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wa 2007 uliosababisha onyo hilo uliwapa watoto rangi kadhaa kwa pamoja na athari iliyoonekana ilikuwa ndogo, kwa hiyo wataalamu bado wanavutana.

Ila kosa langu kubwa lilikuwa lingine, nilisoma orodha kuanzia mkiani. Kanuni ya kimataifa ya vyakula, inaitwa Codex, ambayo viwango vya Afrika Mashariki vimeifuata, inataka viambato vipangwe kwa uzito wakati wa kuchanganya, kizito kwanza. Fikiria pilau ingekuwa na lebo: mchele na nyama mbele, kitunguu, mafuta, huko nyuma kabisa iliki na karafuu. Karafuu unaisikia mdomo mzima lakini kwenye mizani haina lolote. E330 kwenye jamu ndiyo hiyo karafuu. Kilichoandikwa cha kwanza kwenye kopo langu kilikuwa sukari, nanasi linafuata.

Foleni hii ina mlango wa nyuma lakini. Tuseme biskuti gramu 100 zina unga 40, mafuta na vingine 15, zinazobaki 45 ni za utamu. Ikiwa sukari tupu, inaongoza foleni. Igawe sasa: sukari 18, sirapu ya glukosi 15, asali 12, kila mmoja anapanda mizani peke yake na unga unapanda juu, ukisoma haraka unaona biskuti ya ngano. Ni ndugu watatu wamekuja harusini kila mtu kivyake kumbe wametoka nyumba moja. Si lazima iwe ujanja, sirapu ina kazi yake, inazuia sukari isigande chenga na kitu kisikauke, na kwa kuangalia orodha tu huwezi kujua nia ya mtu. Ndo maana mi nashuka mpaka kwenye jedwali la lishe natafuta sukari kwa gramu 100.

WHO mwaka 2015 walisema sukari za kuongezwa, asali na juisi zikiwemo, zisizidi asilimia 10 ya nguvu ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni kama gramu 50. Jamu ya kawaida inacheza kwenye 60 kwa kila 100, kwa hiyo slesi moja ikipakwa gramu 20 ina vijiko vitatu vya chai vya sukari. Na mi asubuhi nakula slesi tatu, chai pembeni.