Je, wajua kwa nini mazoea ya kukimbia hukatika mara tu ukienda likizo?

Kuna raba zilizopanda ndege mara nyingi kuliko zilivyokanyaga barabara za ugenini. Zangu ni mojawapo. Huwa za kwanza kuingia kwenye begi, hulala chini kabisa, na hurudi nyumbani safi kama zilivyoondoka. Mtu anakimbia siku 4 kwa wiki mwaka mzima, huku akigombania muda na kazi. Halafu anapewa siku 10 zisizo na kazi yoyote, na hakimbii hata mara moja. Ilitakiwa iwe kinyume, sivyo?

Wengi hujiita wavivu, lakini uvivu unasingiziwa. Nyumbani huwa huamui kukimbia. Simu inalia saa kumi na moja na nusu alfajiri, mkono unaifuata raba palepale mlangoni, na kabla akili haijaamka vizuri umeshapita kona ya kwanza. Kazi ya kuamua imeachiwa chumba, mlango na njia. Ukiamka kwenye chumba cha hoteli, vitu hivyo havipo, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi unalazimika kujiuliza: nikimbie au nisikimbie? Swali hilo, likiulizwa ukiwa kitandani, jibu lake linajulikana.

Mwaka 2005 mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wanafunzi waliohama chuo kikuu kimoja kwenda kingine. Waliwachunguza katika mambo ya kila siku kama kufanya mazoezi, kusoma gazeti na kutazama televisheni. Pale mazingira ya kufanyia jambo yalipobaki yakifanana na ya zamani, mazoea yalihama na mwenyewe. Yalipobadilika, mazoea yalikatika, na mwanafunzi akabaki na nia yake tu. Msafiri kafiri, walisema waliotangulia, na hapa naona hawakukosea sana.

Usingizi nao una lake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba usiku wa kwanza mahali pageni, upande mmoja wa ubongo haulali fofofo kama mwenzake. Unabaki kama mlinzi, tayari kushtuka kwa sauti isiyozoeleka. Ndiyo maana asubuhi ya kwanza mwili huwa mzito hata kama ulilala mapema. Mimi siku hiyo nimeacha kuidai chochote. Natembea tu kutazama njia, huku nikiangalia magari hupita upande gani.

Basi cha kusafiri nacho ni ile ishara inayoanzisha mbio. Kilomita zinaweza kubaki nyumbani. Kama nyumbani hukimbia kabla ya kunywa chai, kimbia kabla ya chai na huko pia. Mlio wa simu uwe uleule, nguo zitandikwe usiku, raba ziwekwe mahali ambapo huwezi kutoka bila kuziruka. Ukivuka majira ya saa ya nchi nyingi, fuata saa ya mwenyeji tangu siku ya kwanza, ingawa saa ya ndani ya mwili huchukua takriban siku moja kurekebisha kila saa moja ya tofauti. Kuelekea mashariki huwa kugumu zaidi.

Je, kukimbia kidogo kunasaidia? Hapa ndipo habari ni njema kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake waliwafanyisha watu mazoezi makali ya dakika 40, siku 6 kwa wiki, kwa wiki 10. Kisha wakawapunguzia kwa wiki 15: wengine siku 4, wengine 2 tu. Kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia hakikushuka. Katika jaribio jingine walipunguza dakika hadi 26 na hata 13, na kiwango hicho kikabaki palepale, ingawa wa dakika 13 walipungukiwa na ustahimilivu wa kwenda muda mrefu. Walipopunguza ukali wa mazoezi ndipo mambo yalipoharibika. Kwa msafiri maana yake ni hii: mara 2 kwa wiki, muda mfupi, lakini uheme kwelikweli. Kujikokota kila siku kwa kujionea huruma hakufanyi kazi hiyo.

Tahadhari moja tu: kasi ya nyumbani usiifanye kipimo. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea joto kali. Nyanda za juu nazo hazimwogopi mtu. Katika Olimpiki ya mwaka 1968 jijini Mexico City, mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, Naftali Temu alishinda mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4, wakati rekodi ya dunia ilikuwa dakika 27 na sekunde 39.4. Kama hewa nyepesi ilimfanyia hivyo bingwa, wewe na mimi tupunguze mwendo na tusikilize pumzi.

Kuhusu njia, mimi hupenda iliyonyooka: nenda dakika 10, geuka, rudi. Hupotei, na kuna faida nyingine ya ajabu. Watafiti wakiongozwa na Niels van de Ven walieleza mwaka 2011 kwa nini safari ya kurudi huonekana fupi kuliko ya kwenda. Wakati wa kwenda tunatarajia kufika upesi, tunaona tumechelewa. Wakati wa kurudi tunajiandaa kwa safari ndefu, kumbe hoteli hiyo imeshatokea mbele.