Anayeingia hupiga hodi, anayetoka haagi

Kati ya mwaka 2018 na 2020 niliishi nchi mbili kwa wakati mmoja, na sikuwa na habari. Mwili ulikuwa Uholanzi, nikilipwa mshahara kwa kuchambua takwimu za uhamaji. Jina lilikuwa Ujerumani, kwenye daftari la wakazi la mji mdogo nilikosomea: tarehe ya kuzaliwa, mtaa, namba ya nyumba, vyote vipo. Mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu wanaohama alikuwa amehesabiwa vibaya, tena kwa kosa lake mwenyewe.

Nilisimulie kosa hilo, maana humo ndani mna karibu kila kitu ninachotakiwa kueleza kila mwandishi wa habari anaponipigia simu akitaka "idadi ya wahamiaji" kabla ya saa kumi jioni.

Nilifika Ujerumani mwaka 2016. Sheria yao inasema ukishahamia kwenye nyumba una wiki mbili za kwenda kujiandikisha ofisi ya wakazi. Nilikwenda siku ya tatu, na wala si kwa sababu ya kupenda sheria. Bila ile karatasi sifungui akaunti benki, na namba ya mlipa kodi siipati. Nikachukua namba, nikasubiri, nikamkabidhi mama wa dirishani pasipoti, fomu, na barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba kweli nimepanga kwake. Akabofya, akapiga muhuri, kwaheri. Dakika kumi. Hakuniuliza nitakaa miezi mingapi.

Hapo ndipo takwimu ilipozaliwa. Ujerumani ikisema mwaka fulani wameingia watu kadhaa, kinachohesabiwa ni kitendo kile cha dirishani. Aliyekuja kwa shahada ya miaka miwili na aliyekuja kwa kazi ya miezi minne akajiandikisha, wote ni mmojammoja. Na anayejiandikisha kutoka nje ya nchi mara mbili ndani ya mwaka, akiwa ameondoka na kurudi, ni wawili.

Kuondoka nako kuna sheria: ukihama nchi, nenda ukajifute. Lakini hebu nitazame wiki ile ya mwisho. Nina baiskeli ya kuuza, nina kuta za chumba za kupaka rangi nyeupe ili mwenye nyumba arudishe amana yangu, nina mabegi matatu na treni ya asubuhi. Kwenda dirishani kusema "naondoka" kungenipa nini? Sikwenda. Nikafika Uholanzi, na huko nako bila namba ya mkazi mwajiri hakulipi, kwa hiyo nikapiga hodi upya. Wao kipimo chao ni kingine: anayetarajia kukaa angalau miezi 4 kati ya 6 anaingizwa, na anayetarajia kuwa nje miezi 8 kati ya 12 anatakiwa kuaga. Wakaniandika: kaingia, katoka Ujerumani. Ujerumani hawakuambiwa kitu.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado sijakutana na nchi isiyo na ugonjwa huu. Hodi ina malipo: shule, daktari, kibali, mshahara. Kuaga hakuna malipo. Ndiyo maana takwimu za kuingia zina nafuu na za kutoka ni za kubahatisha.

Umoja wa Mataifa umejaribu kuweka kipimo kimoja. Mapendekezo ya mwaka 1998 yalisema mhamaji wa muda mrefu ni mtu aliyehamisha makazi yake ya kawaida kwenda nchi nyingine kwa angalau miezi 12. Kati ya miezi 3 na 12 ni wa muda mfupi, mradi hakwenda likizo, kusalimia ndugu, biashara, matibabu au hija. Umoja wa Ulaya ukautia mwaka ule mmoja kwenye kanuni yake ya mwaka 2007, huku ukiruhusu nchi zikadirie pale daftari pekee hazitoshi. Karatasi imekaa sawa. Tatizo ni kwamba daftari za nchi hazikutungwa kwa ajili yetu sisi watu wa takwimu. Zilitungwa kukusanya kodi, kuandaa wapiga kura, kugawa namba. Norway inamwandikisha anayekusudia kukaa miezi 6, Sweden mwaka mzima, Ubelgiji miezi 3. Huwezi kuwaambia wabadilishe sheria ya daftari ili jedwali langu lipendeze.

Na jedwali lisilopendeza ni hili. Chukua nchi mbili, Poland na Ujerumani. Kila aliyehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili anapaswa kuonekana mara mbili: kwa Wapolandi kama aliyetoka, kwa Wajerumani kama aliyeingia. Namba mbili, safari ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ujerumani ilikuwa ikiandika zaidi ya laki moja kwa mwaka walioingia kutoka Poland. Poland ikaandika chini ya elfu 20 waliokwenda Ujerumani. Hakuna aliyedanganya. Kwa Poland, aliyehama ni yule aliyejifuta kwamba kaondoka moja kwa moja, harudi. Anayekwenda kujenga nyumba za watu mwaka mzima huku mkewe na kitanda chake viko palepale, kwao hajahama popote. Wajerumani walimwona kwa sababu alipiga hodi.

Walioliona tatizo mapema ni nchi za Skandinavia na jirani zao. Tangu mwaka 1969 wana makubaliano: Mdenmark akijiandikisha Sweden, daftari la Sweden linaiarifu Denmark, na Denmark inamtoa. Anayehama haagi, anaagiwa. Ndiyo maana namba zao za kutoka na kuingia baina yao zinakaribiana kiasi cha kutuonea wivu. Hispania walichukua njia nyingine. Daftari la manispaa linampokea hata asiye na kibali cha kuishi, na kwa kuwa kujiandikisha kulimfungulia zahanati na shule, wengi walijiandikisha. Wakagundua majina yanajaa na hayapungui. Tangu katikati ya miaka ya 2000, mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya asiye na ukaazi wa kudumu anatakiwa kuhuisha jina lake kila baada ya miaka 2, la sivyo linafutwa. Yaani hodi irudiwe.

Uingereza ndiyo ninayoipenda kufundishia, kwa sababu wao hawana daftari la wakazi kabisa. Tangu miaka ya 1960 walitegemea usaili wa abiria. Msaili anasimama uwanja wa ndege au bandarini, anahesabu vichwa vinavyopita, na kila baada ya idadi fulani anamsimamisha mmoja: umetoka wapi, umekuja kufanya nini, unakusudia kukaa muda gani? Kwa mwaka walihojiwa watu kati ya laki 7 na laki 8. Unadhani wangapi kati yao walikuwa wanahama kwa mwaka mmoja au zaidi? Kama elfu 3 au 4. Wengine wote walikuwa watalii, wafanyabiashara, na Waingereza wanaorudi kutoka ufukweni wakiwa wameiva kwa jua. Juu ya majibu ya hao elfu chache ndipo palipojengwa namba ya "uhamaji halisi", yaani walioingia ukitoa waliotoka, na mwaka 2010 waziri mkuu David Cameron aliingia madarakani na ahadi ya kuishusha hadi makumi ya maelfu. Ahadi ya taifa zima ilikaa juu ya swali aliloulizwa abiria mwenye usingizi, amebeba mtoto, anataka kuwahi basi.

Zaidi ya hapo, nia si tendo. Muulize kijana anayeondoka kwao atarudi lini. Atasema "miezi sita hivi", na atasema kweli ya siku ile. Mwaka 2004 nchi nane za Ulaya Mashariki na ya Kati zilipoingia Umoja wa Ulaya, vijana wake walipanda ndege za bei nafuu zilizotua kwenye viwanja vidogo vya Uingereza, ambako wasaili wa uhamaji walikuwa wachache au hawapo. Sensa ya 2011 ikaja kuonyesha kwamba kwa miaka kumi uhamaji halisi ulikuwa umepunjwa kwa watu 346,000. Agosti 2019 takwimu hizo zilishushwa hadhi zikaitwa za majaribio, na Machi 2020 korona ikausimamisha usaili wenyewe. Sasa wanaunganisha rekodi za viza, kodi na mafao. Je, mambo yametulia? Kwa mwaka ulioishia Juni 2023 walitangaza kwanza 672,000. Miezi 12 baadaye, kwa kipindi kilekile, ikawa 906,000. Kwenye mitandao watu walipiga kelele kwamba serikali ilificha. Mimi niliona watu wa takwimu waliokubali kusubiri na kutazama nani kabaki.

Kusubiri huko Australia na New Zealand wamekufanya kanuni. Hawakuulizi nia. Wanaunganisha kuingia kwako na kutoka kwako kwa pasipoti, na ukiwa umekaa ndani miezi 12 kati ya 16, hata kama ulitoka kwenda msibani ukarudi, wewe ni mhamiaji. Ndiyo maana kadi za kuondokea walizifuta, Australia mwaka 2017 na New Zealand mwaka 2018. Gharama yake ni kwamba namba kamili inapatikana zaidi ya mwaka baadaye, na mpaka hapo kila kinachotangazwa ni makadirio. Ni visiwa, wanaweza. Marekani, kwa upande wake, iliacha kukusanya takwimu za wanaoondoka mwaka 1957, na hadi leo wanaotoka hukadiriwa tu. Hata "wahamiaji wapya" wanaotangazwa huko kila mwaka ni waliopewa ukaazi wa kudumu mwaka ule. Wengi wao walikuwa tayari wamekaa nchini miaka kadhaa.

Msomaji wa Tunduma anacheka. Visiwa! Pale, Tunduma ya Tanzania na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja uliopitiwa na mstari wa mpaka. Mama anavuka asubuhi, anauza nyanya, anarudi kulala. Kwa kipimo cha Umoja wa Mataifa mama huyu si mhamaji, na ni sawa. Akipita dirishani kila siku, Idara ya Uhamiaji ina safari mia tatu za mtu mmoja. Akipita njia za panya, haina hata moja. Mihuri huhesabu safari. Kuitumia kupima uhamaji bila kuunganisha pasipoti kwa pasipoti ni sawa na kuhesabu milio ya mlango ukasema ndio ukubwa wa familia.

Sensa yetu ya Tanzania nayo ina mtazamo wake. Mnakumbuka swali la makarani: nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022? Dereva wa lori Mzambia aliyelala gesti Tunduma usiku ule yumo katika wale watu 61,741,120 waliohesabiwa. Binti aliyeko Muscat, Oman, kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi za ndani hayumo. Nchi nyingine zingeuliza "makazi yako ya kawaida ni wapi", na dereva naye angetoka, binti akibaki nje vilevile. Na huko Muscat binti huyu hahesabiwi kama mhamiaji. Nchi za Ghuba huwaita watu wa aina yake wafanyakazi wageni wa mkataba, hata aliyeongeza mkataba mara tano. Oman ina wageni kama 4 katika kila watu 10, imewahesabu kwa kadi zao za ukaazi vizuri kuliko sisi tulivyomhesabu alipopita uwanja wa ndege, ambako alikuwa abiria tu.

Kuna wenzetu waliojaribu kukadiria mikondo ya dunia nzima kwa kulinganisha idadi ya waliozaliwa nje katika kila nchi, mwanzo na mwisho wa kipindi. Guy Abel na Nikola Sander mwaka 2014 walipata watu milioni 41.5 waliohama kati ya 2005 na 2010. Naiheshimu kazi hiyo na ninaitumia, ila naisoma kama konda. Daladala ya Dar es Salaam ikipita Mwenge na abiria 30, ikafika kituo cha Morocco na abiria 30, pengine hakushuka mtu, pengine wameshuka wote wakapanda wengine. Kadirio la namna hii, kwa jinsi lilivyoundwa, linachukua idadi ndogo kabisa ya kupanda na kushuka inayoweza kuzaa hizo 30 mbili. Konda aliyekusanya nauli ana hesabu nyingine.

Ujerumani ilipofanya sensa mwaka 2011 ilijikuta na watu milioni 1.5 pungufu ya waliokuwa wakidhaniwa, milioni 1.1 kati yao wageni. Ya Mei 2022 ikapunguza tena milioni 1.4. Wanafunzi wenye mabegi matatu na treni ya asubuhi.

Mimi sikuwamo katika hao wa 2022, niliondolewa kabla. Kilichonishtua ni deni la ada ya redio na televisheni, euro 17.50 kwa mwezi kwa chumba nisichoishi. Barua zilikuwa zikifika kwa mpangaji mpya, mpaka akachoka akanitafuta. Niliandika manispaa mwaka 2020 na jibu likaja: wamekwishanifuta wao wenyewe, kwa kuwa barua zao zilikuwa zikirudi. Tarehe ya kuondoka waliyoweka ni ya siku waliyonifuta. Hivyo Uholanzi nimeingia 2018 nikitokea Ujerumani, na Ujerumani nimetoka 2020. Safu ya nchi niliyokwenda imejazwa: haijulikani.