Jalada limefika wapi?

Katika masjala ya taasisi moja niliyowahi kufanyia kazi alikuwapo mama mmoja aliyeyajua majalada kwa kichwa. Ukimwuliza jalada la mtumishi fulani limefika wapi, hafungui daftari. Anatazama juu kidogo, kisha anasema: "Liko kwa mhasibu tangu Jumatano, limefika folio ya arobaini na mbili, mkubwa bado hajasaini." Folio ni namba ya karatasi ndani ya jalada. Ukienda kwa mhasibu unalikuta. Siku asipokuja kazini, nusu ya shughuli za ofisi zilisimama, na wananchi waliotoka mbali walijibiwa kwa maneno mawili wanayoyajua wote: njoo kesho.

Namkumbuka kila ninapotakiwa kuzungumzia serikali mtandao. Swali alilokuwa akiulizwa kutwa nzima ndilo ambalo mfumo wowote wa kompyuta serikalini unapaswa kulijibu: shauri langu limefika wapi, liko mezani kwa nani, na linasubiri nini? Mfumo usiojibu hilo, hata uwe umezinduliwa kwa shangwe kiasi gani, haujamsaidia mwananchi.

Wengi hudhani mageuzi ya utumishi wa umma Tanzania yalikuja na kompyuta, lakini yalizitangulia kwa miaka mingi. Mpango wa kwanza ulianza mwaka 1991, na kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza ukubwa wa Serikali. Watumishi waliokuwa takriban 355,000 mwaka 1992 walishuka chini ya 270,000 ilipofika mwaka 2000. Hapo ukaanza mpango wa pili, uliojali zaidi matokeo kuliko idadi. Taasisi zikatakiwa kuwa na mikataba ya huduma kwa mteja, Sheria ya Utumishi wa Umma ikatungwa mwaka 2002, na mwaka 2004 ukaja OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi. Nia yake ilikuwa njema: mkuu na msaidizi wake wakae, wakubaliane malengo ya mwaka, wapime nusu mwaka, wapime tena mwisho. Ila karatasi haikuweza kusema kama kweli walikaa. Nimeona fomu nyingi ambazo malengo ya Julai na matokeo ya Juni yameandikwa siku moja, kwa kalamu moja. Kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 nafasi hiyo imechukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji kazi, ambao mtumishi anauingia mwenyewe na kuandika kazi anazozifanya, na tarehe inajiandika bila kusubiri hiari ya mtu. Hiyo tarehe ndiyo faida ya kwanza ninayoiona katika mfumo wowote.

Upande wa mitandao, Wakala ya Serikali Mtandao ilianzishwa mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka, yenye nguvu ya kuziambia taasisi mfumo upi ujengwe na upi usijengwe. Nguvu hiyo ilihitajika, maana kila taasisi ilikuwa inajinunulia programu yake, na programu hizo hazikusomana.

Mfano ambao karibu kila Mtanzania ameushika mkononi ni namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Kabla ya Julai 2017, kulipia huduma ya serikali kulikuwa na njia mbili. Ama unapanga foleni benki, unaweka fedha kwenye akaunti ya taasisi, kisha unarudi na karatasi ya benki ili uandikiwe stakabadhi. Ama unampa karani fedha taslimu dirishani. Fedha ilipita mikononi mwa watu, na kila mkono uliweza kuichelewesha au kuipunguza. Mkuu wa taasisi mwenyewe alisubiri vitabu vya stakabadhi virudi kutoka vituoni ndipo ajue kakusanya kiasi gani.

GePG, mfumo wa Wizara ya Fedha wa kukusanya fedha za umma, uliibadilisha njia yenyewe. Taasisi inaandaa ankara, ankara inapita GePG, na GePG inatoa namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Namba hiyo ni yako na ya deni hilo tu: imebeba kiasi unachodaiwa na taasisi inayokudai. Ukilipa kwa simu, kwa benki au kwa wakala wa mtaani, fedha inaingia kwenye akaunti ya taasisi na taarifa ya malipo inafika bila karani kuigusa. Kwa hiyo nawasihi wasomaji: kabla ya kuweka namba yako ya siri, soma jina la taasisi na kiasi kilichoandikwa. Na ukisikia "mtandao uko chini, niachie taslimu nitakulipia baadaye", kataa kwa upole na uondoke na fedha yako. Namba hiyo iliwekwa kwa ajili ya saa kama hiyo.

Naitaja GePG kwa kirefu kwa sababu naamini inaeleweka vibaya. Tunaisifu kwa teknolojia, wakati kilicholeta tofauti ni kwamba kuna hatua iliondolewa. Karani hakupewa kompyuta aendelee kupokea fedha. Aliondolewa kabisa kazi ya kupokea fedha. Mifumo mingi iliyokwama ilifanya kinyume. Ilichukua utaratibu wa zamani, na vituo vyake vyote, ikauhamishia kwenye skrini. Mimi mwenyewe niliwahi kutakiwa na ofisi moja nijaze fomu mtandaoni, niichapishe, nikaigongeshe muhuri kwa mtendaji wa mtaa, niiskani, niipakie tena kwenye mfumo, halafu nipeleke nakala halisi dirishani. Zamani ningemaliza kwa safari moja. Nilikwenda mara tatu, na gharama ya kuchapisha na kuskani ikawa juu yangu.

Ndiyo maana katika mafunzo ya watumishi zoezi langu la kwanza halina kompyuta. Nawaambia wachukue jalada moja la kweli walifuate, meza kwa meza. Katika taasisi moja tulichukua dai la malimbikizo ya mshahara la muuguzi aliyepanda cheo. Kila meza tuliandika mambo matatu: nani alilipokea, aliamua nini, lilikaa siku ngapi. Dai lilipita meza kumi na moja. Katika meza nne hapakuwa na uamuzi wowote; kila aliyelipokea aliandika "Naona ni sawa, tafadhali endelea," akaweka saini na tarehe. Meza moja iliandika neno moja tu: "Tuonane."

Waliofanya kazi serikalini wanalijua neno hilo. Mkubwa akiandika "tuonane" kwenye dokezo, yaani maelezo yanayoandikwa ndani ya jalada, maana yake ni kwamba mazungumzo yanatoka ndani ya jalada. Wawili wataonana, watakubaliana jambo, pengine jambo zuri kabisa, lakini jalada halitajua. Atakayelifungua baada ya miezi sita, awe mkaguzi au mkuu mpya, atakuta shimo mahali palipotakiwa kuwa na sababu. Na sasa ofisi zinapotumia majalada ya kielektroniki, "tuonane" imehamia humo nayo, inachapwa badala ya kuandikwa kwa kalamu.

Siwalaumu walioandika "naona ni sawa". Niliwauliza kwa nini dai linapita kwao, na majibu yao yalifanana: hofu ya hoja ya ukaguzi. Saini zikiwa nyingi, lawama inagawanyika. Hofu hiyo ina chimbuko la kweli, na anayeidharau hatafanya mageuzi. Dawa yake ni kumwonyesha mtumishi kwamba mfumo ukijengwa vizuri unamlinda kuliko saini kumi: unaonyesha alichoamua, alichokiona siku anaamua, na mipaka ya madaraka aliyokasimiwa. Katika taasisi ile mkuu alikubali kukasimu. Aliandika barua ya ukurasa mmoja kuwapa maafisa wawili mamlaka ya kumaliza madai ya aina hiyo, na meza zikabaki tano. Kumbuka kwamba hadi hapo hakuna kompyuta iliyowashwa. Mjenzi wa mfumo alikuwa amejiandaa kutengeneza hatua kumi na moja za kuidhinisha, na angezitengeneza, kwa kuwa ndivyo alivyoelezwa.

Jambo la pili ninalolililia ni taarifa zenyewe. Aprili 2017, Rais John Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watu 3,076. Wakati huo mfumo wa kompyuta wa taarifa za kiutumishi na mishahara ulikwishakuwapo, na wengi wa watu hao walikuwa ndani yake, na cheki namba zao, yaani namba za mtumishi kwenye orodha ya mishahara, wakilipwa kila mwezi. Mfumo ulihifadhi kwa uaminifu kile ulichopewa. Kilichowafichua ni kupeleka majina Baraza la Mitihani na kulinganisha kumbukumbu mbili. Wataalamu wetu wanaposema mifumo isomane, wanamaanisha kazi kama hiyo iwe inafanyika siku mtu anaajiriwa, badala ya kungoja miaka ishirini.

Lakini kusomana kuna upande unaoumiza wasio na hatia. Mwalimu aliitwa Hadija kwenye cheti cha kidato cha nne. Karani wa kitambulisho akaandika Khadija. Barua yake ya kwanza ya ajira, iliyopigwa kwa taipu, inasomeka Hadia, herufi moja imeruka. Kwa macho ya mama yule wa masjala huyo ni mtu mmoja, na angekwambia hata shule alizofundisha. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Siku anastaafu, akidai mafao ya miaka thelathini na kitu, ndipo anaambiwa akatafute wakili, aape kiapo cha majina, arudi. Wastaafu wa namna hii nimewapokea wengi, wameshika bahasha za kaki zenye kila barua waliyowahi kuandikiwa, kwa sababu wamejifunza kwamba ofisi inaweza kupoteza nakala yake na ikawadai wao.

Kwa hiyo, wewe uliye kazini leo, usingoje. Fungua taarifa zako kwenye mfumo wa watumishi, linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuajiriwa na zile za kitambulisho cha Taifa, na ukiona tofauti andika barua ya marekebisho sasa, wakati waliokuajiri bado wapo. Hapa hauombi hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Na ofisi zinazohamisha majalada kwenda kwenye mfumo ziwaite wenye majalada kwanza, wathibitishe. Kazi hiyo ni ya kuchosha, haina uzinduzi wala picha, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya bajeti.

Kuna wasiwasi wa haki kabisa kuhusu wasio na simu janja. Menyu ya huduma za Serikali ya *152*00# inafanya kazi kwenye simu ya kitochi bila bando, na malalamiko kwa Serikali yanaweza kutumwa humo kupitia e-Mrejesho. Kenya walifikiri jambo hili mapema: Novemba 2013 walifungua Huduma Centre ya kwanza Posta Kuu, Nairobi, ambapo mtu anakutana na madirisha ya ofisi nyingi chini ya paa moja, na mtumishi anayemwingizia taarifa kwenye mfumo. Shirika letu la Posta nalo lina vituo vya Huduma Pamoja. Dirisha lenye mtu litahitajika kwa miaka mingi ijayo. Na mfumo ukizimika, lazima pawe na njia ya pembeni iliyoandikwa na kuzoezwa. Mei 2021, ununuzi wa LUKU, umeme wa kulipia kabla, uliposumbua kwa siku kadhaa, watu walirudi kupanga foleni ndefu ili wapate umeme.

Taasisi ya yule mama ilipoanza kuskani majalada, mpango wa awali ulikuwa kumhamishia mapokezi, kwa kuwa hakujua kompyuta. Tuliomba apewe kwanza wiki mbili za mafunzo, kisha awekwe mbele ya skrini pamoja na kijana wa TEHAMA. Kijana anafungua jina, mama anasema: "Huyo ana jalada lingine, liko kabati la chini, alihamia kwetu akitokea mkoani na jina la ndoa." Majalada pacha waliyoyaunganisha yalijaza meza mbili. Siku ya mwisho alinipigia simu jioni, kwa sauti ya mtu aliyeshusha mzigo, akasema leo mzee mmoja ameuliza jalada lake limefika wapi, na aliyemjibu ni binti wa mapokezi.